Kipa wa Kuazimwa

Kwa miaka kumi na moja nilikuwa kipa wa Wachimbaji wa Copper Narrows, timu ya mpira wa magongo wa barafuni, kila siku isipokuwa siku ya mechi. Jumatatu mpaka Ijumaa wachezaji walinipiga mazoezini kwa visahani, ile mipira bapa migumu ya mchezo wetu, mpaka mbavu zikawa za zambarau. Jumamosi niliwanolea viatu vyao vya barafu, nikawapangia jezi, kisha nikakaa mlangoni na taulo. Jina langu, Toivo Lahtinen, halikuwahi kuandikwa popote ila kwenye fulana yangu ya ndani, tena na mke wangu Aili, ili isije ikachanganywa na fulana za wenye vipaji.

Bwana Percy Grimshaw alikuwa mwenye timu, mwenye uwanja, na kwa maoni yake mwenyewe, mwenye mji. Kila Septemba nilimwomba nafasi ya kudaka mechi moja tu, hata ya kirafiki. Kila Septemba alinishika bega kama mtu anayempa pole mfiwa.

"Lahtinen, wewe ni mtu wa mazoezi. Ukipa ni kitu kingine kabisa."

Nilikuwa namshukuru. Sijui kwa nini, lakini nilikuwa namshukuru.

Mwaka 1951 tulikuwa mabingwa, na kwa desturi ya ligi yetu bingwa hufungua msimu kwa kucheza na Nyota, yaani wachezaji bora kutoka timu nyingine tano. Inaitwa mechi ya udugu. Wanaume waliotoana meno majira yote ya baridi wanavishwa jezi moja asubuhi, wanaambiwa wapendane mpaka jioni. Mabeki wawili wa Nyota walikuwa hawajasemeshana tangu Machi, mmoja alipomvunja mwenzake taya, na sasa walikaa benchi moja wakipeana chupa ya maji kwa heshima ya kutisha.

Siku hizo kila timu ilisafiri na kipa mmoja, uso wazi, bila kinyago. Akipasuliwa, mechi inasimama, daktari anamshona, anarudi golini. Asipoweza kurudi, wenyeji wanawaazima wageni mtu wao. Kwenye mkutano wa kiangazi timu nyingine zilitaka kila timu iwe na makipa wawili. Bwana Grimshaw akasimama akahutubia nusu saa nzima juu ya uanaume wa zamani, akawashinda. Hakutaja nauli ya treni hata mara moja, na wote waliokuwepo walimwelewa.

Mtu wa kuazimwa pale kwetu nilikuwa mimi. Kwa miaka kumi na moja hakuna kipa mgeni aliyeshindwa kurudi. Watu wale walirudi golini hata pua ikiwa imehamia shavuni.

Asubuhi ya mechi Aili alivaa koti lake la kanisani.

"Leo nakuja kutazama," akasema.

"Kutazama nini, mke wangu? Nitakuwa nagawa taulo."

"Basi nitatazama taulo."

Katikati ya kipindi cha pili Nyota walikuwa wanaongoza mbili kwa moja. Mfungaji wetu, Lorne Duchak, akaachia kombora likampata kipa wao, Réal Thibodeau, juu ya jicho. Tulimlaza kwenye benchi langu la taulo. Daktari akamshona nyuzi kumi na nne huku sigara iko mdomoni.

"Nipeni dakika tano, narudi," Thibodeau akasema. Akainuka, akaenda moja kwa moja akagonga ukuta, hatua mbili kutoka mlangoni.

Daktari akatoa sigara. "Huyu mlango haoni. Kisahani atakionaje?"

Bwana Grimshaw alijitahidi kusikitika, ila uso ukamkatalia. Alifurahi mpaka akampigapiga Thibodeau kichwani, juu ya nyuzi.

"Lahtinen, vaa. Jezi ya Nyota. Kanuni ni kanuni."

Nikavaa. Vizuizi vya miguuni nilivifunga kinyume, cha kulia kushoto, na wachezaji wetu wenyewe wakacheka.

"Toivo, usiogope, baba," Duchak akaniambia tukipishana. "Tutakupiga polepole, kama siku zote."

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelifikiria, kuanzia Bwana Grimshaw na hotuba yake. Duniani kote alikuwepo mtu mmoja tu aliyepigwa na kila Mchimbaji, kila siku, kwa miaka. Nilijua nani hutazama kulia akitaka kushoto. Nilijua nani hung'ata ulimi kabla ya kupiga. Duchak mwenyewe hugonga barafu kwa gongo mara mbili, kisha hupiga juu, upande wa glavu yangu. Niliwahi kumwambia. Akanijibu kwamba makipa wa kweli hawaoni vitu vidogo hivyo.

Mpaka kipindi kinaisha nilikuwa nimezuia visahani tisa. Watu hawakujua washangilie au wazomee, kwa hiyo walikaa kimya kama wako ibadani. Mtu mmoja alikuwa amesimama, kavaa koti la kanisani.

Mapumzikoni Bwana Grimshaw alinivuta kwenye stoo ya magongo, akafunga mlango.

"Toivo," akaanza. Ndipo nilipojua kuna jambo, maana jina hilo alikuwa hajawahi kulitumia. "Goti la kipa wetu Haggerty limekwisha, leo anamalizia tu. Msimu huu sina kipa. Nafasi nakupa wewe."

Nikavua glavu nimpe mkono.

"Ila kuna watu wamekuja kuwaona mabingwa wakishinda. Achia mbili. Si nyingi. Hakuna atakayejua."

"Na nisipoachia, bosi?"

"Basi Jumatatu unanirudishia funguo za uwanja, uende ukachimbe madini kama ndugu zako wote."

Akanishika bega, akatoka. Nikabaki na magongo. Nilichokiomba kila Septemba kwa miaka kumi na moja nilikuwa nimepewa, kwa sharti dogo tu: niwe kipa wake kwa kutokuwa kipa. Nataka mnielewe, mimi si mtakatifu. Niliketi juu ya sanduku nikapiga mahesabu kama mwanamume mwenye mke, na uamuzi haukunichukua hata dakika mbili. Nitaachia. Mechi ya udugu haimo hata kwenye msimamo wa ligi. Aili atanuna wiki moja, kisha ataniona golini majira yote ya baridi.

Kipindi cha tatu nikaanza kungoja kisahani cha kuachia. Cha kwanza kilikuja polepole mno; ningekiachia, mtu angeona. Cha pili nilikiacha kwa moyo wote, kikagonga nguzo. Cha tatu kilinigonga goti nikiwa nakikwepa. Nyota wakanijia wakanipiga makofi ya mgongoni, na wale mabeki wawili wakanishangilia kwa pamoja, jambo lao la kwanza la pamoja tangu Machi. Juu, mahali pake pa heshima, Bwana Grimshaw alikuwa anaigeuza kofia yake kama usukani.

Ikabaki dakika moja. Duchak akapenya mabeki wote wawili akaja peke yake. Nikasema moyoni, ahsante Lorne, hiki ndicho. Akagonga barafu mara mbili. Nikajua kinakwenda wapi. Nilichotakiwa kufanya ni kusimama tu, kitu ambacho hata gunia la viazi linakiweza.

Nilikuwa nimeamua. Mkono haukuwa na habari. Nilisikia mlio ndani ya glavu, nikatazama, kisahani kimo.

Duchak alisimama mbele yangu akihema. "Wee Toivo," akasema taratibu, "kumbe ulikuwa unasema kweli kuhusu hilo gongo."

Mechi ikaisha mbili kwa moja. Ndipo watu wakapiga kelele, watu wetu, kwa ajili ya jezi ya wageni. Nikatafuta kwa macho nikampata Aili. Alikuwa analia na kucheka, akinyoosha taulo aliyoitoa sijui wapi, akiipunga. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, na yeye nimemwambia hivyo, na hakukasirika.

Jumatatu nilipeleka funguo. Bwana Grimshaw hakuniambia niketi.

"Nilikupa kila ulichotaka," akasema. "Ukanidharau mbele ya mji mzima. Kwa nini?"

"Sikukudharau, bosi. Nilikubali. Nilijaribu kuviachia, haki ya Mungu. Nilishindwa."

Nikamwona anakumbuka kile cha kwenye nguzo, na cha gotini, na cha mwisho. Akaniamini. Uso ukamwiva kwa hasira.

"Kumbe wewe ni kipa kweli," akasema, kama mtu anayenitukana. "Toka."

Nikaziweka funguo mezani, nikaenda mgodini kujiandikisha.