Mifupa ya Baba na Uzio wa Jirani Mwema

Sokoni kwetu hapa Cao Bằng, kaskazini mwa Vietnam, kila mtu anajua kwamba Nhình mchoma bata ana mdomo. Sikatai. Ninao, na mama husema nimeurithi kwa baba, mtu ambaye sikumwona hata siku moja. Leo nitautumia, maana haya mambo yamenifika hapa shingoni na nikiyameza nitapasuka.

Wakubwa wa dunia walikuwa wamepishana Hanoi mwaka ule. Alikuja mkubwa wa Marekani akatandikiwa zulia, ikapita miezi michache akaja mkubwa wa China, zulia likatandikwa tena. Kwenye televisheni ya duka la chai nikawaona wakubwa wetu wanacheka na huyu vilevile walivyocheka na yule. Wanaume wa pale dukani wakajipongeza kana kwamba wao ndio waliopokea wageni, eti sasa kila taifa kubwa linatubembeleza. Sawa. Mimi sina ugomvi na zulia.

Ugomvi wangu ulianza pale simu yangu ilipolia, siku chache kabla ya sikukuu ya makaburi. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Phàm, aliye ng'ambo. Phàm ni mtoto wa baba yangu mdogo, na kijiji chake kiko China, ng'ambo ya kijito tunachofulia nguo. Karatasi zake zinamwita Lu Tingfan. Lugha yake ni Kinùng chetu hikihiki, ubishi wake ni uleule, hata pua ni moja. Sijawahi kumwita kaka.

Alisema wanachonga barabara ya doria kando ya uzio, upande wao. Tingatinga limeshafika kwenye kilima cha baba. Mwisho wa wiki litakuwa limepita juu ya kaburi.

Niwaeleze kaburi la baba linafanya nini China. Baba yangu, Lục Văn Cắm, alikuwa mgambo wa kijiji. Mwaka 1979 jeshi la China lilipovuka, yeye na wenzake walikuwa juu ya kilima kile, na wakati huo kilima kilikuwa shamba letu la mahindi. Aliuawa pale, akazikwa palepale alipoangukia. Kwetu maiti hulala ardhini miaka mitatu hivi, kisha watoto huifukua mifupa, huiosha, huipanga kwenye mtungi na kuizika upya, na hapo ndipo mtu huwa amefika nyumbani. Baba hakufukuliwa. Kwanza kilima kilijaa mabomu ya kutegwa ardhini, kaburini tukifika kwa kijia kimoja tu na jembe halithubutu kugusa udongo. Yalipoondolewa, mama akasema mwacheni apumzike, si shamba ni letu? Halafu wakaja watu wa ramani kutoka pande zote mbili, wakapima, wakanywa chai, wakasimika jiwe la mpaka huku chini kwenye kijito. Baba akaamka asubuhi yuko nchi ya waliomuua.

Hata hivyo tulikuwa tunavuka. Kila mwaka, mwezi wa tatu wa kalenda yetu, tunaruka mawe ya kijito na wali wetu wa kunata wa rangi tano, tunafyeka kaburi, tunachoma ubani, tunarudi. Na kila mwaka tulikuta wali mwingine umeshawekwa pale. Ulikuwa wa baba mdogo Sìn, baba yake Phàm. Mama aliuchukua na kuutupa kijitoni. Aliutupa kila mwaka tangu mimi niko mgongoni mwake, kwa sababu baba mdogo Sìn, aliyeoa ng'ambo, ndiye aliyewaonyesha wanajeshi wa China njia ya kijito. Aliwaongoza hadi walipokuwa ndugu yake na wenzake. Phàm husema baba yake alishikiwa bunduki mgongoni. Haya. Siku zile nani hakuwa na bunduki mgongoni? Baba mdogo naye amekwisha kufa, na baada yake Phàm akaendelea kuleta wali.

Kisha ikaja korona, na kwa jina la korona wakatuwekea uzio. Wavu mrefu kuliko nyumba, seng'enge juu, kamera, na vipaza sauti. Korona ikaondoka, uzio ukabaki. Mama hajafika kaburini tangu hapo. Sasa amezeeka, mapafu yamechoka, na anataka jambo moja tu, kuzikwa pamoja na mumewe. Ndiyo maana ujumbe wa Phàm ulipokwisha, alivuta pumzi na kuniambia, "Nhình, nenda kamchukue baba yako."

Nilianza na ofisi, kama raia mwema. Mwenyekiti wa kata alinikaribisha vizuri, akanimiminia chai, akaniambia jambo hili ni nyeti. Akasema ujumbe wa ng'ambo unakuja mwezi huo kupanda mti wa urafiki, si wakati wa kuleta habari za 1979. Ukutani nyuma yake palikuwa na bango: jirani mwema, rafiki mwema, komredi mwema, mshirika mwema. Nikamuuliza, kati ya hao wema wanne, ni yupi anayepitisha tingatinga juu ya baba wa mtu? Akasema niteremshe sauti. Sikuiteremsha. Nilimwambia mti wao nitaukojolea, kisha nikaondoka na chai yake sijaigusa.

Kaka yangu Khìn ndiye aliyekuwa anatetemeka. Khìn anauza iliki na anisi kwa wanunuzi wa ng'ambo, na lori lake lilikuwa kwenye foleni ya forodha. Aliniomba tusiwachokoze, wakikasirika wanafunga geti na mali inaoza. Nikamwambia iliki haiozi, kinachooza ni wewe. Mama akakohoa, na Khìn akaenda sokoni kununua mtungi.

Phàm ndiye aliyepanga jinsi ya kufanya. Roho iliniuma kumtegemea, lakini ningefanyaje? Uzio unapofika kijitoni wavu unakoma, na badala yake kuna nondo nene zilizosimama ndani ya maji ili mafuriko yapite. Mkono unapenya hadi begani. Yeye angefukua alfajiri, na saa ya chakula, walinzi wakiwa wanakula, angeileta mifupa pale na kunipitishia mmoja mmoja. Mimi ningeiosha na kuipanga upande wetu. Kuosha ni kazi ya mtoto wa marehemu, na hilo hata Phàm hakuthubutu kuligusa.

Tukateremka. Khìn alibeba mtungi, mimi nikabeba ndoo ya maji yaliyochemshwa na majani ya mabalungi, pombe ya mchele na vitambaa. Mama tulimkalisha kwenye kigoda juu ya mawe, kikapu cha wali mapajani na mwavuli mkononi, kwa kuwa jua halitakiwi kuiona mifupa. Phàm alikuwa ameshafika. Mzee kabisa, nywele nyeupe, matope hadi magotini, na kando yake kitambaa chekundu kimefungwa. Akamwamkia mama, akamwita mama mkubwa. Mama hakuitika.

Mpangilio wetu huanzia miguuni. Mtu hukaa ndani ya mtungi kama aliyechuchumaa, nyayo chini, kisha miguu, nyonga, mgongo, mbavu, mikono, na kichwa juu ya vyote. Ndivyo walivyofanya babu zetu na babu zake Phàm, maana ni walewale. Hakuna aliyewaza kuanza na kitu kingine.

Akanipitishia vidole vya mguu, vidogo kama kokoto. Halafu mfupa wa muundi. Nina miaka arobaini na mitano, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimshika baba yangu. Nilitegemea kulia, nikapandwa na hasira. Hasira ya kweli. Nikaosha, nikafuta, nikapanga. Nyonga zilipita kwa ubavu. Mbavu zilipita vizuri, na mmoja ulikuwa umevunjika, nikajua risasi ilipita wapi. Mama alikuwa anatazama kila kitu kilichoingia mtungini. Phàm akanipa taya, lilikuwa limeachana na kichwa, meno yote yapo. Nikaliosha na kuliweka kando ya mtungi lisubiri kichwa chake. Mama akasema alikuwa na meno mazuri, na alijua hivyo, alichekacheka ovyo.

Kisha Phàm akakishika kichwa kwa mikono miwili na kukisogeza kwenye nondo. Akakigeuza. Akajaribu kwa upande. Akajaribu chini zaidi, akizama mpaka kifuani, akipapasa kila nafasi kati ya nondo na nondo. Mimi nilikuwa nimeshaweka mikono tayari upande huu, vidole vyangu vinagusa paji la uso la baba.

"Dada," akasema, "hakipiti."

Nilimwambia ajaribu tena. Akajaribu tena. Nikazishika zile nondo na kuzivuta, mimi, mwanamke wa kuchoma bata, nikavuta chuma cha serikali hadi viganja vikachubuka. Khìn akavuta na mimi. Ndipo kipaza sauti kikaamka juu ya uzio. Kilisema Kichina kwanza, kisha Kivietinamu, sauti ya msichana mpole: mko karibu na mpaka, tafadhali ondokeni. Tafadhali! Wanaweza kumchukua mtu kilima, wakachukua na mwili wake, halafu wakakwambia tafadhali. Nilikitukana kile kipaza sauti matusi yote ninayoyajua kwa lugha tatu.

Phàm akasema walinzi wameshatuona, gari litafika sasa hivi. Khìn, macho chini, akanong'ona kwamba ni mfupa tu, tukikipasua vipande vitapita. Kaka yangu mkubwa huyo, mtu mwenye wajukuu. Nilimzaba kofi mbele ya mama, na hakurudisha. Nikamwambia Phàm akirudishe kaburini. Akanikumbusha taratibu kwamba kesho kaburi halitakuwepo.

"Nitakaa nacho mimi," akasema. "Kuna nafasi pembeni ya baba."

Pembeni ya baba! Pembeni ya yule aliyewaleta! Nikafungua mdomo, na yaliyokuwa yanakuja yalikuwa mabaya mno. Nilitaka kumwambia kwamba ukoo wao umemuua mara moja na sasa unataka kumweka sebuleni. Lakini mama alikuwa amesimama. Hajasimama bila kushikwa tangu mwaka mpya, na sasa alikuwa ameuacha mwavuli na kuinama kando ya mtungi. Akaokota taya, akalifuta kwa pindo la nguo yake, akaingia majini na viatu.

"Phàm," akasema. Sikuwahi kumsikia akilitamka jina hilo.

"Naam, mama mkubwa."

"Mzike kando ya baba yako. Watazamane." Akapitisha taya kati ya nondo. "Na hili likae mahali pake. Ana mengi ya kumwambia ndugu yake, na bila taya atayasemaje?"

Phàm alilipokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa hadi paji likagusa chuma. Akalia kwa sauti. Mama hakumtuliza. Alichota wali kutoka kwenye kikapu, ule wa rangi tano aliokesha kuupika, akaufungia kwenye jani na kumpa. Akamwambia agawe, nusu kwa huyu na nusu kwa yule. Mwanamke aliyetupa wali wa watu hao kijitoni maisha yangu yote. Sikuamini macho yangu, na sitadanganya, hata kwake nilikasirika.

Gari la doria likasikika. Phàm akafunga kichwa kwenye kitambaa chekundu, akapanda kilima mbiombio na baba yangu kwapani. Sikumwita kaka. Bado sijamwita.

Mtaalamu wetu wa mazishi alikuja nyumbani akatazama mtungi, akasema hakuna tatizo, kichwa kikikosekana huwekwa kibuyu, amekwisha kufanya hivyo mara nyingi kwa waliokufa vitani. Alikuja nacho, kimekatwa vizuri, kimeng'arishwa. Nikamrudishia. Nilisema pale juu pabaki patupu, na atakayeufungua mtungi huu miaka mia ijayo aone patupu na aulize. Akasema mila haziruhusu. Nikamuuliza ni mila ipi inayoruhusu uzio, akaondoka amenuna.

Siku ile jioni nilimuuliza mama lililokuwa linanisumbua. Alitaka kuzikwa na mumewe, na tumemletea nusu mtu. Kichwa kiko China kinagombana na Sìn, macho yako huko, mdomo uko huko. Atalala na nini?

Mama alikuwa anakula wali uliobaki, akauchagua ule wa njano kwanza kama kawaida yake.

"Na miguu," akasema. "Siku ile nilimwambia asiende, akaenda. Safari hii miguu ninayo mimi."

Nikaufunika mtungi na kurudi kwenye bata wangu.