Bahasha Mbili za Akina Kivuti

Hezekiah Gachoki hakuwa na cheti cha uuguzi. Hakuwa na friji ya dawa, wala kabati ya kufuli, wala chumba cha wagonjwa. Alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda chake na ufunguo shingoni. Hakuwa na baba tangu darasa la tatu, ndiyo sababu hakuwa na darasa la nne, mpaka alipofika miaka thelathini na minane akaingia ngumbaru, masomo ya watu wazima, mjini Embu, akasoma jioni baada ya kazi hadi akafanya mtihani wa darasa la nane pamoja na watoto wa umri wa wanawe. Hakuwa na msaidizi. Wala hakuwa na mazoea ya kuuliza, kwa sababu mtu aliyesoma ukubwani huogopa kuonekana hajaelewa.

Shule ilikuwa ya bweni, huko chini Mbeere. Yeye alikuwa mlezi wa wavulana, na dawa zao zote zilipita mikononi mwake. Kila asubuhi baada ya uji aliita majina, akatoa kidonge, akangoja mtoto ameze na kufungua kinywa, kisha akatia alama katika daftari. Wakaguzi wawili walikuwa wamelisifu daftari hilo, naye hakuwasahau.

Waliporudi kutoka likizo fupi, bibi mmoja aitwaye Nelius alileta wajukuu wawili, Vincent na Stephen. Baba zao ni ndugu, na kwa desturi kila mmoja alikuwa amempa mwanawe wa kwanza jina la babu, Kivuti, mumewe Nelius. Basi Nelius aliwaita wote wawili "mume wangu", akiwatania kwamba ana waume wawili na hakuna hata mmoja anayejua kupasua kuni. Vincent alimeza dawa za kifafa kila siku. Stephen alikuwa ameandikiwa dawa za mzio, kwa ajili ya vumbi. Nelius alikuwa amevimwaga vidonge kutoka kwenye makopo yake, kwani kopo zuri huhifadhi mbegu za kunde, akavitia katika bahasha mbili za kaki. Juu ya kila bahasha aliandika Kivuti.

Foleni ya wazazi ilikuwa ndefu. Hezekiah akaona bahasha moja imejaa kuliko nyingine, akakumbuka kwamba muhula uliopita Vincent ndiye aliyekuwa na vidonge vingi. Akaiandika iliyojaa Vincent, ile nyingine Stephen, akaita mzazi mwingine.

Siku ya pili Vincent alikitazama kidonge kiganjani.

"Babu, changu huwa na mstari katikati."

"Viwanda hubadilisha," Hezekiah akamjibu. "Meza, wenzako wanangoja."

Akameza. Alama ikatiwa.

Siku ya tisa Vincent alianguka gwarideni. Mwili ulikakamaa ukatetemeka, akauma ulimi, na paji la uso likapasuka kwenye ukingo wa saruji. Mama yake, Regina, alikuja kumchukua, mtoto akashonwa mjini, wakaenda nyumbani kwao, mtaa wa Majimbo huko Embu. Mwalimu mkuu Kiunga, mtu wa Kianjai aliyependa mambo yaishe upesi, alimpigia simu daktari wa kliniki akamsomea daftari: siku tisa, alama tisa. Daktari akasema basi dawa hiyo haimtoshi mtoto. Aletwe Alhamisi, ataongezewa kipimo.

Jumatano mwalimu wa hesabu alilalamika kwamba Stephen analala darasani wiki nzima, na akisimama anayumba kama mlevi. Hezekiah alikwenda akafungua sanduku, akavimimina vidonge vya Stephen juu ya blanketi. Kila kimoja kilikuwa na mstari katikati.

Akampeleka Stephen zahanati, na muuguzi akampima, akasema asipewe kidonge kingine na abaki pale atazamwe. Kutoka huko Hezekiah alikwenda ofisini moja kwa moja akasema yote, hata yale maneno ya mtoto kuhusu mstari.

Kiunga alifunga mlango.

"Mzee, daftari linasema alimeza. Umeliandika wewe mwenyewe."

"Linasema alimeza. Halisemi alimeza nini."

"Mtoto yuko hai. Dawa zirudishe kila moja mahali pake, tuendelee na kazi."

"Na kesho aongezewe kipimo cha dawa ambayo hakuinywa?"

"Ndiyo haya mliyofundishwa ngumbaru? Kujichimbia kaburi?" Kiunga akashusha sauti. "Ukiandika jambo hilo, sitaweza kukuweka hapa."

Hezekiah alimwambia kwamba ameelewa, akatoka.

Alimpigia Regina simu akiwa amesimama kando ya tangi la maji. Alimweleza yote, hata ule mstari, bila kutafuta maneno mazuri.

"Alikwambia," Regina akasema. "Mtoto alikwambia, mzee."

"Aliniambia."

Regina hakumsamehe. Alisema tu kwamba daktari hatamsikiliza yeye, kwani mwalimu mkuu amekwisha kusema vingine. Aandike, atie sahihi, na karatasi ifike kabla hawajatoka nyumbani asubuhi.

Aliandika ukurasa mmoja. Aliorodhesha tarehe tisa, akaeleza kidonge kipi kilikwenda kwa nani, kwamba Vincent hakupata dawa yake hata siku moja, na kwamba kosa si la bibi wala la mtoto. Alipofika kwenye sahihi alisita, akafikiria kuandika cheo chake, akaacha. Akaandika jina peke yake. Katika kipande cha karatasi alifunga kidonge kimoja cha kila aina, akaandika kipi ni cha nani, akakiweka ndani ya barua.

Gikunda wa bodaboda alikuwa akingoja langoni. Hezekiah akalamba gundi, akaibonyeza bahasha kwa kiganja juu ya tangi la pikipiki, akamwagiza asimpe jirani wala mlinzi, ampe Regina mkononi. Gikunda akaitia ndani ya koti, akavuta zipu hadi kidevuni, akashika njia ya Embu.