Mtani Wangu Kwenye Ukurasa wa Mafuta

Mimi sina uvumilivu na watu wanaosema simu imeharibu dunia. Simu haina mdomo. Mdomo ni wa Bakary, na mwingine ni wangu mimi Brigita, mkamuaji wa mafuta ya ufuta hapa Nachingwea.

Bakary ni mtani wangu. Ukoo wao wa kule Narung'ombe, upande wa Ruangwa, na ukoo wetu walianza kutukanana kabla babu zetu hawajazaliwa, na ole wako ukasirike. Siku tuliyomzika mume wangu alishuka kaburini, akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Watu walicheka, na mimi mjane nilicheka huku machozi yananitoka. Bila yeye siku ile ningezimia.

Sasa sikia. Shamba la mikorosho aliloniachia marehemu nililiuza, nikanunua mashine ya kukamua. Ndugu walisema nimerukwa na akili. Nikaenda semina pale mjini tukafundishwa biashara ya mtandaoni: picha zipigwe kwenye mwanga wa asubuhi, namba ya simu iandikwe kubwa, tovuti isijazwe mapambo ya kumchosha mteja, na kila anayeandika ajibiwe haraka na kwa ucheshi. Nilishika yote. Ukurasa wangu ukachangamka, mpaka Valentina, mwenye maduka Dodoma, akaniambia atakuwa ananunua mafuta yangu yote kila msimu. Lori lake lingepakia mizigo Ruangwa kwanza, kisha lije kwangu. Nikasema haya, ndugu zangu, semeni tena.

Ndipo Bakary akanunua simu janja.

Chini ya picha ya chupa zangu aliandika kwamba alipaka mafuta yale akatoka mapele mpaka makalioni, na kwamba ukoo wetu wote ni wachawi. Na mimi nikafanya nini? Nikajibu, tena haraka na kwa ucheshi, kama semina ilivyonifundisha na kama mama yangu alivyonilea. Niliandika kwamba hayo mapele ni mwanzo tu, sumu iliyobaki nimemwekea yeye na wanawe. Watani wengine wa kijiji cha Chunyu wakaingia, kila mmoja na tusi lake, nikawajibu wote. Nilicheka peke yangu jikoni kama mwehu. Kumbe watu walikuwa wanasambaziana mkoa mzima, na nje ya mkoa.

Asubuhi ya lori Valentina alinipigia simu. Alikuwa ameshafika Ruangwa, na sauti yake ilikuwa kavu. Nikamweleza kwamba ule ni utani, akanikatisha.

"Utani naujua, mama, hata kwetu upo. Lakini mteja wangu wa Dodoma atajuaje kwamba huyu ni mtani wako? Yeye anaona mtu kaugua, na mwenye mafuta kakiri sumu."

Nikasema nitafuta yote. Akasema watu wameshayahifadhi kwenye simu zao, nikifuta watasema nimeficha. Alichotaka ni yule mtu mwenyewe ajitokeze, uso wake uonekane, aseme kama aliumwa au hakuumwa. Lori likimaliza kupakia kabla ya hapo litaelekea Lindi, Nachingwea halitafika.

Mtani haombwi kurudisha tusi lake, hilo kwetu halipo. Lakini nilitazama ile mashine, nikatia chupa moja kwenye kikapu, nikapanda bodaboda kwenda Narung'ombe. Kijana wa watu nilimgombeza njia nzima aongeze mwendo, na kila shimo likanijibu kiunoni.

Nilimkuta Bakary uani kwake anapepeta ufuta. Nilipomweleza shida yangu akaangua kicheko, akamwita mkewe aje amwone mchawi aliyenaswa. Kadiri nilivyobembeleza ndivyo alivyonogewa, maana mtani akilia mbele yako unaongeza chumvi. Akasema bila kuku wawili haongei. Simu ikaita. Valentina aliniambia wanafunga turubai. Hapo nikapandisha sauti.

"Bakary, shamba nimeuza. Lori lile likipita, sina pa kula. Leo sikutanii."

Neno hilo halikuwahi kutamkwa kati yetu, wala kati ya wazee wetu. Kicheko kilimkatika. Aliweka ungo chini, akanawa uso, akaingia ndani akavaa kanzu yake ya Ijumaa. Alipotoka akaniambia niwashe simu.

Alisimama wima kama shahidi mahakamani, akafungua chupa, akanywa mafuta funda kwa funda. Kisha akatazama simu.

"Mimi ni Bakary wa Narung'ombe. Mafuta haya hayajawahi kuniumiza. Niliandika uongo. Namwomba radhi mama huyu."

Mtandao pale ni wa kubahatisha. Nilikimbia nikapanda kichuguu nyuma ya nyumba, nikainua simu juu, kile kiduara kikazunguka mpaka nikaanza kusali Baba Yetu kwa sauti. Mwisho video ikaenda ukurasani. Nikasubiri, jasho linanitiririka, mpaka Valentina akapiga: lori limegeuza, linakuja Nachingwea.

Nilishuka mbio, nikamwita Bakary mwizi wa mbuzi, nikingoja anirudishie. Hakunirudishia.

"Safari njema, mama," alisema, akaokota ungo wake.

Leo mashine yangu inanguruma na Valentina hajakosa msimu hata mmoja. Ukurasa wangu ni safi, watu wanauliza bei tu. Kuku wawili nilimpelekea Bakary mwenyewe, akawapokea kwa mikono miwili na kunishukuru. Nilitamani anitukane.

Mwezi uliopita tulimzika mama yangu. Kaburi lilipokuwa tayari watu wote waligeuka kutazama njia ya Ruangwa. Bakary alikuja. Alinipa pole, akaniamkia shikamoo, akaenda kusimama nyuma pamoja na wageni. Hakuna aliyelala kaburini. Tulimshusha mama, nikalia peke yangu, na hakuna aliyenichekesha.