Fuwele Iliyopelekwa Kanisani

Dada yangu Dativa anafanya kazi maabara, Ifakara mjini. Ukimuuliza kazi gani, tafuta kiti kwanza. Anachukua protini ya mbu wa malaria, anaiacha kwenye tone lenye dawa mpaka igande iwe fuwele, ndogo kuliko punje ya mchanga. Fuwele inapelekwa nje ya nchi kupigwa eksirei, na madoa yanayotokea ndiyo yanayoonyesha protini ina umbo gani. Mwaka mzima matone yake yalitoa ukungu tu. Nikawa namwita Fundi Ukungu.

Siku alipoona fuwele ya kwanza alimpigia mama simu kabla haijapimwa. Hapo ndipo alipoharibu. Mama akipata habari njema, kijiji chetu chote cha Michenga kinaipata. Akaenda moja kwa moja kwa katekista Wendelin: Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao tunatoa shukrani, jogoo na mchele mpya, mtoto amepata fuwele.

Jumamosi ya kuamkia shukrani Dativa akaja nyumbani kanywea. Majibu yalikuwa yamerudi. Protini hutoa madoa mengi yaliyosongamana. Yake yalikuwa machache, yamekaa mbalimbali. Ni chumvi ya kwenye dawa ndiyo iliyoganda. Nilicheka mpaka nikakohoa, nikamuuliza kama mbu wake hawaogopi presha kwa chumvi yote hiyo. Hakucheka. Akaniomba nimwambie mama. Nikamwambia mimi simo.

Asubuhi yake, kila Dativa akifungua mdomo, mama anamkatiza kumfundisha namna ya kupiga magoti altareni. Basi wakapita mbele, mama na jogoo, yeye na ungo wa mchele. Wendelin akamwomba Dativa aseme neno. Angesema asante akaketi, nani pale angejua?

"Naomba mnisamehe," akasema. "Nilichopata ni chumvi. Mama hakujua."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama alimkabidhi Wendelin jogoo bila kuinua macho.

Nje watu walitusalimia taratibu, kama tumefiwa. Mzee Fulgensi akauliza, kwa nia njema kabisa, kama chumvi hiyo inalika. Dativa akamjibu kwa heshima kwamba ni ndogo mno.

Mama alikuwa ameshatangulia kwenye tuta la majaruba ya mpunga. Tulipomfikia akasimama, hakugeuka.

"Jana ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, mama," Dativa akajibu.

"Ukaniacha nipite mbele za watu."

Akaendelea kutembea. Dativa akamfuata nyuma, kwa mbali, na mimi nikafuata nyuma ya Dativa.