Kidole cha Kipimajoto

Wateja walimwita dada yangu Kipimajoto. Alilowesha ncha ya kidole kwa mate, akaigusa pasi, kisha akatoa hukumu: hii ya hariri, hii ya pamba. Miaka ishirini na sita tunapiga pasi pamoja katika chumba kimoja, hajawahi kukosea, na maringo yake kwa jambo hilo yalinichosha.

Asubuhi ile aligusa pasi akasema, "Bado baridi," akazungusha swichi ya moto mpaka mwisho. Akagusa tena, akakiacha kidole pale kwa raha zake. "Bado."

Akaishusha kwenye koti la bwana harusi. Mgongo mzima uliungua. Nilimjia juu, nikamwambia uzee umemwingia kichwani. Nayajutia maneno hayo, maana koti nililitupa nje na harufu ya kuungua ikabaki chumbani. Ndipo nikakiona kidole chake: ngozi imekuwa nyeupe, imeinuka lengelenge. Yeye alikuwa anatafuta kiraka cha koti.

Hospitalini, daktari alimwambia afumbe macho, akawa anamchoma vidole kwa sindano. "Mama, ukihisi sema." Dada alikaa tu akisubiri daktari aanze.

"Ngozi ikiguswa," daktari alieleza, "neva hubeba habari kupitia mkononi, zikaingia uti wa mgongo mpaka kwenye ubongo. Kufumba na kufumbua zimefika. Neva zako zimeharibiwa na ugonjwa wa sukari, habari zinaishia njiani. Miguuni lazima ilianza zamani."

Nikakumbuka kandambili zilivyokuwa zikimtoka miguuni barabarani bila yeye kujua, nami nikimcheka.

"Dawa ipo?" nikauliza.

"Ya kuzuia isizidi. Zilizokufa zimekufa."

"Mimi ni mpiga pasi, daktari," dada akasema, kana kwamba hilo lingebadilisha kitu.

"Pasi usiiguse tena, mama."

Tukakaa kwenye benchi la ukumbini kusubiri dawa. Nimezoea kumtania tangu utotoni, lakini siku hiyo nilimsogelea. Nilichukua mkono wake ule usioungua, nikaufumbata mapajani pangu, nikaubana kwa nguvu zangu zote. Yeye alikuwa amekodolea macho dirisha la dawa. Tulikaa hivyo muda mrefu.

"Mdogo wangu," akasema bila kugeuka, "naogopa. Nishike mkono basi."