Jaketi la Mwaka Bila Ajali

Siku mnyororo wa kuinulia mizigo ulipokatika na mlango wa tela kumwangukia Orest Wasylyk begani, wa kwanza kumkimbilia alikuwa Lorne Dutka, mwenye karakana. Ndiye huyo huyo aliyesema wiki iliyotangulia kwamba mnyororo ule bado unafaa.

Lorne alimpakia garini wakashika njia ya hospitali ya mji wa Yorkton, theluji ikipiga kioo. Hawakuwa bosi na mfanyakazi tu. Lorne alimsimamia binti wa Orest ubatizo, na tangu hapo wakaitana kum, kama wanavyoitana wajukuu wa Waukraine waliohamia nyanda zile za theluji. Kum ni zaidi ya rafiki. Kum hafungiwi mlango.

"Kum," Lorne akasema, macho barabarani. "Tukiripoti kwa Bodi ya Fidia ya wafanyakazi, michango yangu itapanda, na wakaguzi watahamia pale karakana kama panya. Wewe si una akaunti yako ya matibabu?"

"Ile ya miwani na meno?"

"Ile ile. Kampuni inaweka pesa humo kila mwaka. Unatibiwa, unatuma risiti, unarudishiwa. Fiziotherapia nayo imo. Ila hailipi ajali za kazini, kwa hiyo sema umeanguka tukicheza ule mchezo wetu wa kutelezesha mawe kwenye barafu."

"Na zikiisha?"

"Zikiisha mimi nipo. Natoa mfukoni mwangu. Kwani wewe unanionaje?"

Orest alimwona kama ndugu. Gurleen, mtaalamu wa fiziotherapia pale kliniki, alipomuuliza ameumiaje, akajibu, "Barafu. Tulikuwa tunacheza mawe, nafagia barafu mbele ya jiwe lipite, nikateleza."

Gurleen akautazama mvilio uliokata bega lake, umenyooka kama rula. "Barafu ya kwenu ina kona kali, Bwana Wasylyk," akasema. Akaandika alichoambiwa, Orest akatia sahihi.

Matibabu yalimfaa. Gurleen alimkanda hadi machozi yakamtoka, kisha akampa mpira wa kuvuta, aufunge kwenye kitasa cha mlango. Nyumbani alipandisha vidole ukutani polepole, mkewe Verna akicheka kwamba anafanana na buibui mlevi. Mkono ukafika kifuani. Ukaanza kukaribia bega. Hapo ndipo akaunti ilipokauka.

"Usiache sasa," Gurleen alimwambia. "Bega hili likiachwa litaganda. Ukiendelea mpaka theluji iyeyuke, utachomelea vyuma juu ya kichwa chako kama zamani. Ukiacha, kazi hiyo isahau."

Orest hakujua kazi nyingine. Akamfuata Lorne ofisini, akamkuta anakula.

"Kum, pesa za akaunti zimeisha."

"Zote? Huyo mama anakukanda au anakuoa?"

Orest akacheka, kwa kuwa alizoea kucheka. "Ulisema utanilipia."

"Nilisema nitasaidia. Hali mbaya sasa hivi. Vumilia, mwaka mpya akaunti itajaa tena."

"Bega halivumilii."

"Basi nenda kwa hao Bodi."

"Si wewe uliyeniambia nisiende?"

Lorne akainuka akafunga mlango. Aliporudi, sauti ilikuwa imeshuka. "Orest," akasema, na hakusema kum. "Wewe uliumia kwenye barafu. Umesema mwenyewe, umetia sahihi. Mimi nilikutuma nini?"

Orest alitoka akaenda nyumbani. Verna aliposikia aliweka sufuria chini kwa kishindo. "Mtu akikuomba udanganye kwa ajili yake, ujue kamba umeshampa. Alichobakiza ni kukufunga."

"Ni kum wangu, Verna."

"Ndiyo maana fundo limekaza."

Ijumaa ya mwisho kabla ya Krismasi, Lorne aliwaita wote katikati ya karakana. Mezani kulikuwa na pirogi, vijisambusa vya kuchemsha vyenye viazi ndani, na pembeni rundo la majaketi mapya, kila moja limedariziwa kifuani: Mwaka Mzima Bila Ajali. Lorne aliwaita mmoja mmoja, akimshikia kila mtu jaketi avae, huku wengine wakipiga makofi.

Zamu ya Orest ikafika. Mkono wa kushoto uliingia. Wa kulia ulikwama kiunoni. Lorne akavuta kola, Orest akasaga meno.

"Bosi, msokomeze kama soseji!" akapayuka Cal, fundi wa matairi. Watu wakacheka, kisha wakaona uso wa Orest, wakanyamaza.

Lorne akamwinamia sikioni. "Jikaze, kum. Watu wanatazama."

Maumivu ya bega angeyameza, kama alivyomeza maneno ya ofisini. Lile neno kum halikupita kooni. Akauchomoa mkono wa kushoto, akaliweka jaketi mezani, juu ya pirogi.

"Mnyororo ulikatika," akasema. "Mlango wa tela ukaniangukia. Huyu alikuwepo. Mimi nikadanganya ili yeye apone."

Wote walikuwepo siku ile, wote waliusikia ule mshindo. Cal alitazama viatu vyake. Mwingine akavuta zipu ya jaketi jipya hadi shingoni, kana kwamba baridi imeingia. Hakuna aliyelivua.

Orest aliendesha kwa mkono mmoja hadi kliniki, akamkuta Gurleen anazima taa.

"Ile barafu uliyoandika," akamwambia, "ifute."

"Kufuta siwezi. Ninaweza kuandika mengine chini yake. Lakini Bodi watakuuliza kwa nini ulidanganya, na pesa za akaunti huenda ukadaiwa uzirudishe."

"Wadai."

"Na kama hawatakuamini?"

"Basi nitakuwa sijaaminiwa nikisema kweli. Andika."

Gurleen akawasha taa tena, akaketi. "Haya, Bwana Wasylyk. Umeumiaje?"

Orest alivuta kiti, akalipakata bega lake bovu kwa mkono mzima.

"Nina bosi," akaanza, "anaitwa Lorne Dutka."