Kulia kwa Mgonjwa

Harufu ya karafuu ilianza tena asubuhi, na Shangazi akainuka kwenda kufungua dirisha, ingawa alijua fika kwamba haikuingia kwa dirisha wala haitatokea hapo. Kliniki ile haikuwa na mafuta ya karafuu. Marehemu baba yake ndiye aliyekuwa akiyatumia enzi zake kutuliza meno ya watu, na chupa ya mwisho ilitupwa wiki ileile aliyozikwa. Harufu yenyewe haikuzikwa, we acha tu. Ilikuja kwenye chumba cha vipimo ilipojisikia, ikakaa kama mgeni asiye na haya, na kila ilipokuja ilikuwa na habari mbaya mkononi.

Safari hii habari ilikuwa ya Chiriku.

Jina hilo Shangazi mwenyewe ndiye aliyempachika, kwa sababu mtoto yule hafungi mdomo. Sasa mdomo wenyewe umejaa vyuma vya kunyoosha meno, na bado maneno yanapita vilevile. Alikuwa binti wa pekee wa daktari wa kliniki, na daktari ni mdogo wake Shangazi, kwa baba na kwa mama. Kwa vile Chiriku alikuwa akishinda pale na kuita "shangazi" kutwa nzima, wagonjwa nao wakaiga, muuguzi akaiga, mpaka jina la mwanamke yule likasahaulika.

Kazi yake ilikuwa kupima majimaji ya ufizi. Muuguzi anachomeka kijikaratasi chembamba kati ya jino na ufizi, kinanyonya, kinaletwa kwake, naye anakitumbukiza kwenye kishimo cha sahani ya vipimo chenye dawa nyeupe. Humo yeye anatafuta protini moja ambayo makao yake ni ndani ya jino tu. Ikionekana nje inatanga, dawa inageuka njano, ujue mzizi unaliwa. Maana jino likivutwa na waya, mwili hula mfupa upande mmoja na kujenga upande wa pili, ndivyo jino linavyosogea. Lakini wako watu ambao mwili wao ukishaonja hauna simile, unakula na mzizi wa jino. Picha ya eksirei haiyaoni hayo mapema. Ikija kuyaona, mlo umekwisha na vyombo vimeoshwa.

Kishimo cha jino la mbele la kushoto la Chiriku kilikuwa cheupe. Cha jino la kulia kilikuwa cha njano iliyokolea.

Shangazi aliketi akakitazama kishimo kile, na ulimi wake ukaenda wenyewe kusukuma meno yake ya bandia. Yeye alifungwa vyuma na baba yake, kwenye kiti hikihiki cha chumba cha pili. Kila alipokikalia mzee alimuuliza, "Yanauma?" Naye alijibu, "Hapana, baba." Mzee akainua picha kwenye mwanga, akainua na kidevu, akasema, "Basi. Picha haioneshi kitu." Na kweli hayakuuma, hata kidogo. Siku moja mezani aling'ata mkate, jino likabaki kwenye mkate. La pili likafuata. Mzee hakusema neno, si siku ile wala baadaye. Aliendelea kutibu watu mpaka akafa, ila mezani hakumtazama tena binti yake akila. Hilo lilimuuma Shangazi kuliko pengo.

Akabeba majibu mpaka ofisini kwa mdogo wake.

"Dada, keti kwanza," daktari akasema. "Mbona uso umekuwa hivyo?"

"Siketi. Vyuma vya mtoto vitoke leo."

Daktari akasoma, akachukua picha ya Chiriku, akaiinua kwenye mwanga. Kidevu nacho kikapanda. "Picha haioneshi kitu," akasema.

Shangazi akakitazama kidevu kile. Mdogo wake alikuwa bado anatambaa mzee aliposema maneno yale, lakini ameyatoa na sauti yake na mkao wake, kana kwamba alirithishwa pamoja na kiti.

"Nisikilize, dada. Mtoto bado ana chonge mbili za utoto, na ya kulia inacheza. Mzizi wa jino la utoto si huliwa ndipo lianguke? Na ukiliwa si unatoa protini hiyohiyo? Kipimo chako kinasikia kilio tu. Hakijui nani analia."

Alikuwa na hoja, na hilo ndilo lililomkera. Wakavutana weee, mwisho wakakubaliana: chonge zitolewe zote mbili, meno yasije yakavutwa upande mmoja, ufizi upone, kisha jino la kulia lipimwe tena. Likiwa safi, waya unakazwa. Likiwa si safi, vyuma vinatoka na Chiriku anabaki na meno yake ya kupandana, atanuna anavyotaka.

Siku ya kung'oa, muuguzi mmoja aliyeanza kazi juzi tu aliuliza waanze na lipi. "La kulia," daktari akasema. Muuguzi mgeni yule akauliza, "Kulia kwangu?"

"Kulia ni kwa mgonjwa," daktari na Shangazi wakajibu kwa pamoja, wakacheka. Ulikuwa utani wa marehemu. Ndivyo alivyowafundisha kwamba mdomoni upande huhesabiwa kwa mwenye mdomo, si kwa anayemtazama. Halafu alikuwa akiongeza kwamba machozi nayo ni ya mgonjwa, daktari halii. Chiriku akacheka na pamba yake mdomoni.

Chonge ziliwekwa kwenye kiganja cha Shangazi. Juu nzima, chini hakuna kitu, tupu kama ganda la karanga.

"Mzizi umeenda wapi?" Chiriku akauliza.

"Mwili umeula."

"Mwili wangu mimi?"

"Wako. Umeambiwa kazi ya jino hili imekwisha."

"Umeambiwa na nani?"

Shangazi alifunga kiganja, akamwambia mtoto asukutue.

Ufizi ulipopona, muuguzi akawa na ruhusa na daktari alikuwa amebanwa na mgonjwa chumba cha mbele. Shangazi hakuweza kusubiri. Alivaa glovu, akachukua kijikaratasi, akaingia mwenyewe. Nyuma ya kichwa cha kiti kile kulikuwa na stuli ya magurudumu ya marehemu. Daktari akifanya kazi hukaa hapo, amemwinamia mgonjwa kwa juu, wote wawili wanatazama upande mmoja. Lakini Shangazi hajawahi kuikalia stuli ile tangu mzee aondoke. Hata kuigusa kwa goti alikuwa hataki. Akasimama mbele, uso kwa uso na mtoto, akasema kwa sauti, "Jino la kulia," akachomeka.

Kishimo kilikuwa cheupe pe.

"Unaona?" daktari akasema. "Dada, wewe ungezaliwa king'ora." Shangazi akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaenda kumkumbatia mtoto. Waya ukakazwa siku ileile. Harufu ya karafuu iliporudi alasiri alijiambia kwamba uzee umemwanzia puani, akafungua dirisha, akaendelea na kazi. Ikarudi kesho yake, na keshokutwa, wiki zikapita haibanduki, ikawa inamfuata mpaka kwenye korido. Alianza kula akiwa amesimama. Alianza kusema na mzee kimoyomoyo: sema basi, unataka nini, mbona nimeshapima.

Kisha siku moja baada ya chakula alikuwa kwenye sinki anarudisha meno yake ya bandia. Aliliangalia la kulia kwenye kioo kama anavyofanya kila siku, akalisukuma kwa kidole cha mkono wa kulia. Chiriku alikuwa pembeni yake, anapiga mswaki na kuongea kwa wakati mmoja, hata hakuna kinachosikika. Shangazi akageuka kumwambia atapaliwa. Mtoto alikuwa ameshika mswaki kwa mkono wa kulia, na mkono ule ulikuwa upande wa pili.

Shangazi akautazama mkono wake, akautazama wa mtoto. Maisha yake yote mdomo pekee alioutazama kwa karibu ulikuwa wake, kwenye kioo, na kwenye kioo kulia hubaki kulia. Akasimama mbele ya mtoto kama anasimama mbele ya kioo. Jino alilolipima lilikuwa la kushoto, lile zima, lisilo na neno. La kulia halikupimwa kabisa, na waya ulikazwa juu yake.

Hakumwita muuguzi. Alimshika Chiriku mkono, akampeleka kwenye kiti, akaivuta stuli ya baba yake na kuikalia. Ilikuwa imepandishwa kwa urefu wa mzee, miguu yake ikaning'inia. Akainama juu ya uso wa mtoto, akachomeka kijikaratasi kwenye jino la kulia, kulia kwa mgonjwa. Akakipeleka chumba cha vipimo, na kishimo kilianza kupata njano kabla hajakaa sawasawa, na njano yenyewe ilizidi ile ya mwanzo.

"Nilikosea upande," alimwambia mdogo wake.

Daktari alipiga picha nyingine, na safari hii picha ilionesha. Ncha ya mzizi imekwenda. Iliyobaki inatosha kulishika jino, kama halitavutwa tena, wala hakuna mtu wa kuirudisha iliyoliwa. Alichukua koleo, akavua vyuma kimoja kimoja. Shangazi alibaki kwenye stuli, akimshikia mtoto kichwa.

Vilipokwisha, daktari akauliza kwa sauti ndogo, "Yalikuwa yanauma?"

"Hapana, baba."

Hapo ndipo daktari alipoinamisha uso, mabega yakaanza kumtikisika. Chiriku akamtazama, kisha akamgeukia shangazi yake.

"Shangazi, si mlisema kulia ni kwa mgonjwa?"

Harufu ya karafuu ilikuwa imejaa chumbani, na dirisha lilikuwa hapo karibu, ukinyoosha mkono tu. Shangazi hakulifungua.

Mchana wake Chiriku alinuna kwa sababu ya vyuma, akasema hatacheka na mtu mpaka azeeke. Kisha njaa ikamshinda, akachukua mkate. Daktari aliinuka mezani, akasema kuna simu anapiga. Shangazi akamshika mkono wa shati. "Keti," akamwambia. "Mtazame akila."

Daktari akaketi. Mtoto akang'ata, akatafuna, akaanza na kuongea, naye hakujua kwa nini watu wazima wawili wanamkodolea macho mpaka kipande cha mwisho.